Ngoma ya Zamani, Nusu Bei

Kitabu cha Min Kym nilikisoma ndani ya basi, Shinyanga kwenda Geita, na huenda ndiyo sababu nilikisoma vibaya. Nimeona wenzangu mtandaoni wakisema kiliwaliza. Mimi kuna mahali nilicheka, nikajionea aibu, nikarudia ukurasa, nikacheka tena. Mama aliyekaa kando yangu akanitazama, kisha akahamisha kikapu chake upande wa pili.

Kwa ambaye hajakutana nacho, kitabu kinaitwa Gone, kilitoka mwaka 2017. Mwandishi ni mpiga fidla aliyezaliwa Korea Kusini na kukulia Uingereza, mmoja wa wale watoto wanaoshangaza walimu kabla hawajaota meno ya pili. Akiwa na miaka 21 alipata fidla iliyotengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1696. Aliinunua kwa pauni 450,000, na ili aipate aliweka rehani makazi yake. Novemba 2010, kwenye mgahawa wa kituo cha treni cha Euston, London, wezi waliondoka nayo. Hawakujua wamebeba nini. Walijaribu kumuuzia mtu kwa pauni 100. Fidla ilikuwa na bima ya pauni 750,000. Bima ililipa, Kym akanunua fidla nyingine. Mwaka 2013 polisi wakaipata ile ya kwanza, karibu haina mkwaruzo. Lakini haikuwa yake tena. Kampuni ikishakulipa fidia kamili ya kitu kilichopotea, kikipatikana ni mali ya kampuni. Alipewa nafasi ya kuinunua upya, ila fedha alikuwa ameshaziingiza kwenye fidla ya pili. Desemba mwaka huo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.3.

Nilichekea ile hesabu. Kitu kimeibwa, kimekaa miaka mitatu mikononi mwa watu wasiojua kukishika, na kimerudi kikiwa ghali karibu mara mbili. Halafu nikamkumbuka mjomba wangu amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya basi, ameshika kofia mkononi, anaambiwa: "Mzee, ngoma ya zamani ni nusu bei."

Nieleze. Mjomba ni manju wa kikundi cha ngoma upande wa Shinyanga vijijini. Ni Bagalu, na akikusikia unawasifu Bagika hutapewa maji ya kunywa. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kilialikwa Geita kwenye harusi ya mtu aliyekuwa na duara, na duara lilikuwa limemjibu. Aliwatumia nauli na chakula, hata posho wakapewa kabla ya kucheza, jambo ambalo mjomba analisimulia hadi leo kama muujiza. Ngoma zilipanda juu ya keria, zikafunikwa turubai, zikakatiwa risiti. Baada ya Misungwi mvua ikaanza, kamba ikalegea, ngoma kubwa ikaanguka barabarani. Gogo lilipasuka kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Wakaiokota, wakaendelea hadi Usagara, wakavuka na kivuko kwenda Busisi (daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado, limefunguliwa Juni 2025), wakacheza harusi kwa ngoma ndogo. Mwenye harusi hakugundua chochote. Hilo nalo lilimuuma mjomba.

Risiti ile ninayo. Juu imeandikwa kwa kalamu: "ngoma 4, mbao". Chini, kwa herufi za kuchapwa: mizigo yote inasafirishwa kwa hatari ya mwenye mali. Kama ningekuwa nafundisha uandishi ningewapa wanafunzi hiyo risiti wiki nzima. Tazama "mbao". Karani alitafuta neno la kuonyesha kitu kimetengenezwa kwa nini, akalipata, akaliandika, na kwa neno hilo moja akawa ameshafanya uthamini. Halafu tazama hiyo sentensi ya chini. Haina mtenda. Mizigo inasafirishwa, nani anaisafirisha, haisemi. Aliye na nafsi pale ni mwenye mali peke yake, na anachomiliki zaidi ya mali yake ni hatari.

Hata hivyo walilipa, kwa sababu mjomba alikaa pale dirishani siku mbili. Karani aliuliza ngoma mpya inauzwaje. Akaambiwa, tuseme, elfu themanini. Akauliza hii ni mpya? Mjomba akasema hii ilikuwepo kabla ya Uhuru, alimkuta nayo baba yake. Alidhani anapandisha bei. Karani akaandika: elfu arobaini.

Watu wa hadithi wangependa akatae. Alipokea. Alikuwa na watu kumi na mbili wa kuwarudisha nyumbani.

Sasa, kitabu. Sehemu iliyo bora kabisa ni pale Kym anapoeleza jinsi chombo kinavyomwingia mtu mwilini. Hafichi kwamba fidla ilikuwa na kasoro zake, kwamba ilihitaji miaka ya kuhangaika na daraja, nyuzi na upinde hadi ikakubali kuongea. Ni maandishi ya mtu anayejua mbao, na hapo hata mjomba angemwelewa: naye hupasha ngoma moto kabla ya kucheza, anaigonga kwa kidole, anaisogeza, anaigonga tena, na ukimuuliza anasikiliza nini atakuambia inadanganya bado. Anaandika vizuri pia juu ya huzuni isiyo na jina, ile ya kupotelewa na kitu ambacho watu wataona haya kukupa pole kwa ajili yake. Huwezi kuweka matanga ya fidla. Sentensi zake huko ni fupi, za mtu anayekosa pumzi, na hazijipambi.

Panaponikera ni kwenye bima. Ningetaka akae hapo sura tatu. Anaipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe, anasalimia na kuongeza mwendo, wakati tukio la ajabu kuliko yote maishani mwake limetokea humo: kwa kulipwa, aliuza. Hakujua anauza, hakuwa na fidla mkononi ya kumkabidhi mtu, lakini siku ile fedha zilipoingia biashara ilikamilika. Bima yote ya mali imejengwa juu ya wazo hilo. Kanuni ya fidia inasema urudishwe ulipokuwa kabla ya hasara, usizidi wala usipungue. Kuwa na fedha na kitu kwa pamoja ni kuzidi. Ukiisoma kwa ubaridi ni haki tupu. Ila inadai sharti moja gumu kabla hujaanza, kwamba kila kitu kina kiasi cha fedha kinachokilingana. Kitabu kizima ni ushahidi dhidi ya sharti hilo, lakini mwandishi hakwenda kulikamata kooni.

Labda hakuhitaji. Nadhani mtu wa London anaweza kulilia sharti hilo bila kulichunguza kwa sababu kwake kiasi kilikuwepo, na kilikuwa kikubwa. Sisi wa huku tunalichunguza kwa lazima.

Swali lililonikaa tangu dirisha lile ni hili: kwa nini umri unapandisha fidla na kuishusha ngoma? Jibu la haraka ni sauti, na sauti haitoshi. Wapigaji wazuri wamewahi kupewa fidla za zamani na mpya wazipige bila kuziona, na mara nyingi wakachagua mpya. Jibu la pili ni uhalisi, kwamba fidla ni ileile. Nalo halisimami. Karibu fidla zote za Stradivari zilizobaki zimebadilishwa shingo, na mhimili wa ndani pia, kwa sababu muziki wa karne ya 19 ulitaka nyuzi zivutwe zaidi. Zimefunguliwa, zimeshonwa, zimepakwa upya. Karani wa basi alipomwambia mjomba kwamba ngozi ya ngoma imebadilishwa mara nyingi kwa hiyo hiyo si ngoma ya baba yake, alikuwa ametoa hoja ambayo ikikubaliwa London, soko lote la fidla za kale linaanguka kabla ya chakula cha mchana.

Kinachopandisha ni karatasi. Fidla ya 1696 ina cheti cha wajuzi, ina picha za pande zote, ina orodha ya waliowahi kuimiliki, na ukibisha wapo wanaosoma pete za mti kwenye mbao yake wakakuambia mti ulikuwa bado hai mwaka gani. Kuna nyumba za mnada zinazotunza kumbukumbu za kila mauzo. Mthamini hakadirii kwa hisia. Anatazama ya jirani iliuzwaje. Ndipo kampuni inaweza kuandika kwenye hati kile wanachokiita thamani ya makubaliano: tukubaliane leo, kabla ya balaa, kwamba kitu hiki ni pauni kadhaa, ili siku ya balaa pasiwe na mtu wa kuuliza "mpya inauzwaje?" Hiyo ndiyo tofauti ya bima ya vyombo vya kale na bima ya friji. Friji huchakaa, kila mwaka inakatwa kidogo. Chombo cha kale hakikatwi. Na kikivunjika kikatengenezwa, hati nzuri inalipa fundi, halafu inalipa pia kile kilichopungua thamani kwa sababu ya kovu.

Karani alimpa mjomba bima ya friji.

Wala siwezi kusema watu wa ukanda huu hawajui kuthamini. Hakuna mahali Tanzania nilipoona watu wanajua mizani kama huku. Mwadui, kwenye mgodi aliouanzisha John Williamson baada ya kugundua almasi mwaka 1940, lilitoka mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 likapewa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na kila kipande cha hesabu hiyo kimeandikwa mahali. Geita lilifunguliwa soko la dhahabu Machi 2019. Unaingia na kijiwe chako kwenye karatasi ya nailoni, kinapimwa uzito, kinapimwa usafi, bei ya siku ya dunia iko ukutani, unatoka na stakabadhi. Mchimbaji aliyeishia darasa la nne atakupigia hesabu ya gramu kwa kichwa. Na neno fidia linajulikana hadi kwa watoto, maana mgodi ukipanuka anakuja mthamini na daftari: nyumba, mihogo, miembe kwa idadi na ukubwa, makaburi. Sheria yetu ya ardhi inaongeza hata posho ya usumbufu juu ya thamani ya soko. Nalipenda sana wazo hilo. Mtunga sheria alikiri, kwa mara moja, kwamba kuhamishwa kunauma zaidi ya bei ya vitu vilivyohamishwa. Hati ya bima haina usumbufu.

Lakini dhahabu haina umri. Gramu ya jana na gramu ya mwaka 1696 ni gramu. Jicho lililozoea mizani ya namna hiyo likikutana na ngoma linaona uzito wa gogo. "Mbao."

Kuna wanaosema basi mlipeni gharama ya kupata nyingine. Haya, twende tukaitafute. Ngoma ile ilichongwa kwenye gogo moja, lenye upana wa mtu kukumbatia. Shinyanga ilifyekwa kwa makusudi enzi za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa pamba, kwa kuni na kwa malisho, hadi ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudia ngitili za babu zao, wakaacha miti ichipue. Imechipua kweli, ukipita utaona. Ila mti wa miaka ya themanini bado ni kijana kwa kazi ya ngoma. Gharama ya kubadilisha, ukiiandika kwa uaminifu, ni fundi, ngozi, na miaka mingine ya kusubiri. Hakuna safu ya kusubiri.

Na hata tungepata bei, nani angelipwa? Bima inataka mwenye maslahi, yaani mtu ambaye chombo kikipotea mfukoni mwake panatoboka. Kwa Kym ilikuwa rahisi, jina lake ndilo lililokuwa kwenye hati. Kwetu historia ya vyombo ni historia ya kuuliza "vya nani?" Mashabiki wa dansi wanajua. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na magitaa, saksafoni na spika vilikuwa mali ya chama. Mwanamuziki aliajiriwa, akiondoka aliondoka na vidole vyake. Chama kikageuka Juwata, kikageuka OTTU, bendi ikageuka jina kila mara hadi ikaishia kuwa Msondo Ngoma tunayoijua. Ndiyo maana "mwenye vyombo" kwenye Kiswahili cha dansi ni cheo, kinampita hata mwimbaji. Lakini angalau pale kulikuwa na mwenye vyombo. Ngoma ya mjomba ni ya kikundi, na kikundi hakina usajili. Baba yake hakumrithisha. Alimwachia, ambalo ni neno jingine kabisa.

Panda juu zaidi, hadi ngoma za utemi. Hizo hata ntemi hazikuwa zake, zilikuwa za utemi wenyewe, na ntemi aliapishwa mbele yake kama anavyoapishwa rais mbele ya katiba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikaufuta utemi kwa sheria. Usiku mmoja ngoma zikakosa kazi. Nyingine zilibaki majumbani kwa familia za batemi, nyingine zikakusanywa Bujora, karibu na Mwanza, alikokuwa Padre David Clement, Mkanada aliyewapenda Wasukuma kiasi cha kuweka ngoma zao ndani ya ibada. Nenda ukaone lile jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Mimi nilisimama mbele ya ngoma zile nikajaribu kufanya kazi ya mthamini, nikashindwa kwenye mstari wa kwanza: jina la mmiliki.

Wapokomo wa Tana, Kenya, walinyang'anywa ngoma yao takatifu, Ngadji, na Waingereza mwaka 1902. Tangu 1908 iko Makumbusho ya Uingereza. Wanaiomba hadi leo. Ikitokea isafirishwe kurudi, hata kwa mkopo, lazima kuna mtu ataketi aandike kiasi kwa ajili ya safari, ndivyo makumbusho yanavyofanya na kila kitu kinachotoka mlangoni. Kwa hiyo kiasi kitapatikana. Siku ngoma inapoondoka kwa wenyewe haina bei. Ikitaka kurudi, inayo. Nimeigeuza hiyo kila upande na bado sijaizoea.

Hapa ndipo narudi kwa Kym kwa heshima zaidi kuliko nilivyoanza. Nilimcheka kwa sababu alilipwa. Lakini alichokiandika, akijua au bila kujua, ni kwamba kwenye mfumo uliokamilika, wenye cheti, mthamini, hati na kampuni inayolipa bila kukuweka dirishani siku mbili, mtu bado alitoka mikono mitupu. Mjomba wangu alitoka na elfu arobaini na ngoma yake. Imepasuka, ni kweli. Fundi wa kuchomelea aliifunga pete mbili za chuma, na tangu hapo inatoa mlio mwembamba chini ya mlio wake, kama mbu aliyefungiwa ndani. Vijana wa kikundi wanasema inapendeza. Mjomba anasema inalia. Nilipomsimulia habari za yule dada wa London alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mpwa wangu, kwani aliyeinunua anaipiga?" Nikamwambia sijui. "Basi angeulizia hilo kwanza," akasema.

Kwa kitabu chenyewe, nakipendekeza. Msikisome kama hadithi ya wizi, wizi ni kurasa chache. Na mkifika penye bima msiende mbio kama yeye.

Mwezi uliopita nilimfuata ajenti mmoja wa bima hapa Shinyanga mjini, kijana mpole, msikilizaji. Akasema inawezekana, wanazo fomu za vifaa vya muziki, huwa wanawakatia wenye spika na mikisa za kukodisha. Akanipa moja. Nimekaa nayo na mjomba chini ya mti, yeye anajibu, mimi naandika. Aina: ngoma. Idadi: nne. Modeli: alifikiri, akataja jina la aliyeichonga. Mwaka wa kununuliwa: haikununuliwa, nimeweka mstari. Thamani: tumeiruka, tutairudia. Namba ya seri: akainuka, akaipindua ile ngoma kubwa taratibu kama anavyopinduliwa mgonjwa, akanionyesha kitako chake. Pana chale nne zilizochomwa kwa chuma cha moto, mbili zimeinama kulia. Nikamuuliza maana yake. Akasema andika tu kama zilivyo, nami nikazichora.